Simu ya Sabato

Koti lilikuwa moja, na mikono iliyolishika ilikuwa ya watu wawili.

Ilikuwa Alhamisi, soko la Daraja Mbili limefurika hadi barabarani, wachuuzi wa mitumba wamesimama juu ya meza wakipiga makofi na kuita wateja, mvua imenyesha asubuhi na njia zimekuwa uji wa matope. Furushi jipya lilikuwa limefunguliwa. Machogu, fundi cherehani anayeshona sare mjini Kisii, alikuwa ameinama akichagua alipoona koti jeupe la daktari, zito, la pamba halisi, vifungo vyote vipo. Akakamata kola. Alipovuta, koti halikuja, kwa sababu mkono wa kulia wa koti ulikuwa tayari umeshikwa na mwanamke aliyevaa sweta la manjano na gambuti.

"Nimelishika kwanza," mwanamke alisema.

"Umeshika mkono. Mimi nimeshika kola. Mwenye kola ndiye mwenye koti."

"Hiyo sheria umeisoma wapi? Unalitakia nini, wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi. Na wewe?"

"Mimi ni daktari."

Machogu akaangalia gambuti. "Wa ng'ombe?"

"Wa watu. Na ukiendelea hivyo nitakudunga sindano hapa hapa."

"Sindano ninazo nyingi kukushinda," Machogu akacheka, kisha akageuza koti na kumwonyesha mfukoni. Palikuwa na jina la mwenyewe wa zamani, limetariziwa kwa uzi wa buluu: Helga. "Lichukue. Lakini kuanzia leo wagonjwa watakuita Helga."

"Nitalifumua."

"Utalirarua. Niachie nilifumue mimi, nikushonee jina lako. Unaitwa nani?"

"Phanice. Phanice Nyamweya."

"Na namba ya simu? Nikupigie likiwa tayari."

Mwanamke akamtazama kwa macho ya mtu aliyekesha zamu tatu mfululizo, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akataja namba. Machogu hakuiandika. Aliishika kichwani hadi dukani, na haijamtoka hadi leo.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Koti lilikuwa tayari siku hiyo hiyo, lakini Machogu alichukua wiki mbili kulimaliza, kila siku akipiga simu kuuliza swali jipya: mikono ifupishwe? Mfuko uhamishwe? Baadaye hata koti likasahaulika.

"Daktari, nina maumivu," angesema jioni, simu ameibana begani, miguu ikikanyaga cherehani.

"Wapi tena?"

"Hapa kushoto, kifuani."

"Meza dawa ya minyoo, ulale."

"Na ikikataa?"

"Basi ngoja nitoke kazini, nije nikupime mwenyewe."

Machogu alimwita Daktari, naye Phanice alimwita Fundi, na kila mmoja alilitamka jina hilo kama watu wengine wanavyosema mpenzi.

Phanice alikuwa mtoto wa Manga, kule juu mlimani, binti wa Mzee Manasseh Nyamweya, mzee wa kanisa la Kiadventista. Udaktari wake haukuja kwa ulaini. Alifeli mwaka wa kwanza, akaurudia. Mwaka wa nne akaanguka tena, akaurudia. Siku wenzake walipohitimu yeye alisimama nyuma kwenye picha, amewabebea maua. Alipokuja kuhitimu aliajiriwa katika hospitali moja mjini Kisii, akapenda wodi ya watoto kuliko chakula, akataka kusomea ubingwa wa watoto kule Eldoret. Aliomba nafasi mara mbili, akakataliwa mara mbili, kila mara kwa alama zile zile za zamani. Hayo Machogu aliyajua. Alijua pia kwamba ameshakata tamaa, maana mwenyewe alimwambia: "Nimeacha, Fundi. Nitabaki daktari wa kawaida." Machogu akampa pole kwa mdomo. Moyoni alishukuru, kwa sababu ubingwa ni miaka minne, na Eldoret si hapa jirani.

Sasa niseme kasoro ya kijana huyu mapema, msije mkanilaumu baadaye. Machogu alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo unaokoleza mapenzi. Huu ulikuwa wivu wa kuhesabu wanaume waliopanda ngazi za hospitali. Yeye shule iliishia kidato cha pili, na kila mwanamume aliyevaa tai alimwona mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Wahenga wanasema wivu ni kidonda. Machogu chake alikilisha, akakinywesha, akakifungulia mlango usiku kilale ndani.

Ndiyo maana ile kazi ya simu ilimfurahisha sana. Ilikuwa hivi: Sabato ambazo hakuwa zamu, Phanice alikwenda kwao Manga, na simu ilimfuata hadi kanisani. Mara daktari mwenzake anataka kubadilishana zamu, mara nesi ana swali. Sabato moja simu ilimtoa nje mara nne, na baba yake akamwangalia tu. Tangu hapo kila Ijumaa kabla jua halijatua alipitia dukani, akaacha simu kwa Machogu, Mkatoliki ambaye Jumamosi ni siku yake ya kazi kama nyingine.

"Mtu akipiga, mwambie ni Sabato, nitampigia jua likitua. Usiongeze neno."

"Na akiwa mwanamume?"

"Hata akiwa malaika, Fundi."

Machogu alishona kifuko cha kitambaa cha buluu cha kuiwekea. Mwaka mzima alijibu kwa adabu, akaandika majina kwenye karatasi, na Jumamosi jioni akasoma orodha. Hakuna karani aliyekuwa mwaminifu kama yeye, kwa kuwa hapakuwa na siri.

Kisha ikaja ile Jumatano. Alikuwa amepeleka aproni katika hoteli moja barabara kuu, akitoka na mfuko wake mtupu, akainua macho kwenye roshani ya juu. Phanice alikuwa ameketi pale, amevaa blauzi ya zambarau aliyoshonewa na Machogu mwenyewe, na mbele yake mwanamume wa suti ya kijivu na miwani. Mwanamume alisema neno, Phanice akainamisha uso na kufuta macho. Mwanamume akamsogezea kitambaa chake cha mfukoni.

Machogu akajificha nyuma ya nguzo, akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko wodini, Fundi," Phanice alijibu, naye Machogu alimwona akiinuka na kugeukia ukuta. "Watoto wamejaa leo."

"Mbona nasikia vijiko?"

"Ni nesi. Anakoroga dawa."

"Haya. Mpe pole."

Hakulala. Kesho yake nesi mmoja, Joyline, alikuja kuchukua sare yake, na Machogu akamuuliza kama mtu asiyejali: yule daktari wenu wa miwani na suti ya kijivu ni nani?

"Dakta Lewis Nyabuto? Ni bingwa wetu wa watoto. Mtu mpole sana," Joyline akasema, akijipima kwenye kioo. "Mkewe alifariki, maskini. Yuko peke yake."

Neno hilo la mwisho lilimkaa Machogu kooni kama mwiba wa samaki. Akaanza kuchambua kila hatua ya Phanice. Wiki iliyofuata Phanice alisema anakwenda kulala siku mbili kijijini Magwagwa kwa shangazi, na aliporudi hakuwa na hata ndizi ya kumletea. Nani anatoka Magwagwa mikono mitupu?

Mwezi uliofuata, Ijumaa moja, Phanice aliingia dukani jua likiwa limebaki kidole kimoja. Macho yamevimba. Alivaa rinda jeusi asilolipenda, na mkono uliompa simu ulikuwa baridi.

"Nani amekuliza?"

"Nimechoka tu."

"Phanice. Nani amekuliza?"

"Fundi, tafadhali. Nitakuambia nikiweza. Leo siwezi." Akambusu shavuni haraka, akaenda zake kupanda gari la Manga.

Machogu akabaki na kifuko cha buluu mkononi. Wamegombana na Nyabuto, akajiambia. Mwanamke halii hivyo kwa sababu ya kuchoka. Mimi nimewekwa kulinda simu ya mke wa mtu.

Sabato ilianza kwa mvua. Jumamosi saa tano na nusu asubuhi simu ikalia, namba isiyo na jina. Sauti ya mwanamume, nzito, iliyozoea kusikilizwa.

"Naomba kuzungumza na Phanice."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, "Ni Sabato, atakupigia jua likitua," na ningekuwa sina hadithi ya kuwasimulia.

"Wewe ni nani kwake?" Machogu akasema.

"Ananifahamu. Tulikuwa naye Eldoret mwezi uliopita."

Eldoret. Si Magwagwa, Eldoret. Na sauti hii si ya kijana, na wala si ya Nyabuto, ambaye siku moja aliwahi kupiga. Kumbe ni wawili. Damu ikampanda Machogu hadi masikioni.

"Sikiliza, mzee. Mimi ndiye mwenyewe. Phanice hana haja na wewe, wala hana haja na Eldoret yako. Usimpigie tena."

"Una hakika, kijana? Hayo ndiyo maneno yake?"

"Ndiyo maneno yake," Machogu akasema, akakata.

Alijisikia vizuri kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha ukaingia ujumbe.

"Dkt. Phanice, nimepiga, mwanamume amenijibu kwamba huna haja tena na nafasi. Mwenzako mmoja alijitoa jana na wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha ya akiba, ubingwa wa watoto. Nitangoja nisikie kwa sauti yako mwenyewe hadi saa tisa leo. Nisiposikia nitampa anayefuata, masomo yanaanza Jumatatu. Profesa wa idara."

Aliusoma mara tatu. Basi ndiyo Eldoret yenyewe. Ndiyo kilio cha Ijumaa: orodha ilitoka, naye hakuwamo. Ameomba mara ya tatu, na amenificha.

Hapa sitamtetea. Alifunga mlango wa duka kwa ndani, akakaa. Kidole kimoja tu kingefuta ujumbe ule. Phanice angerudi jioni, angelia wiki moja, angepona, angebaki Kisii. Hapangekuwa na miaka minne, hapangekuwa na maprofesa, hapangekuwa na wodi za mbali zilizojaa wanaume wa miwani. Hakuna ambaye angejua. Saa sita ikapita. Saa saba ikakaribia. Alijaribu kuwaza wakiwa wazee, Phanice akimpakulia chakula, akimwita Fundi kwa ile sauti, naye anakula akijua alichokifanya. Chakula kile hakikumezeka hata kwa mawazo.

Saa saba kasoro alikuwa juu ya bodaboda, kifuko cha buluu ndani ya shati. Barabara ya kupanda Manga ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili walianguka, na mara ya pili Machogu aliangukia mgongo, mikono yote miwili imekumbatia kifua. Dereva akamuuliza amebeba mtoto au nini. Kilomita ya mwisho pikipiki ilikataa, akaipanda kwa miguu.

Kanisani waumini walikuwa wamemaliza chakula cha pamoja, wameketi kwenye viti chini ya turubai, akina mama wakianza wimbo. Phanice alikuwa kati yao, blauzi nyeupe, sketi ndefu ya rangi ya anga, uso umeoshwa na kutulia. Alipomwona Machogu, matope hadi kiunoni, alisimama.

"Fundi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Soma." Akampa simu. "Huo ujumbe wa kwanza hapo. Yule mwanamume ni mimi."

Alisoma. Machogu alimtazama akisoma, na nawaambia hakuna adhabu aliyowahi kupewa, nyumbani wala shuleni, iliyolingana na kusimama pale akiutazama uso ule.

"Saa ngapi sasa?" Phanice akauliza, sauti ndogo.

"Saa nane na nusu imepita."

Mzee Manasseh alikuwa amefika, Biblia kwapani. Aliangalia simu mkononi mwa bintiye. "Phanice, leo ni Sabato."

"Baba, ni nafasi. Ile ya ubingwa. Wanangoja hadi saa tisa."

Aliyejibu ni mke wa Mzee, Mama Bathsheba, aliyekuja nyuma yake na sufuria ya wali mkononi. "Baba Phanice, ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, Bwana alisema tufanyeje?"

Mzee alifikiri kidogo. "Tumtoe," akasema.

"Basi mwache amtoe."

Mtandao ulipatikana kando ya tangi la maji. Phanice alisimama pale, na Machogu akasimama hatua tano nyuma, mahali pa mshtakiwa. Alisikia upande mmoja tu. Ndiyo, Profesa. Mimi mwenyewe, Profesa. Nakubali, kwa moyo wote. Jumatatu nitakuwa hapo.

"Yule aliyekujibu?" Phanice akageuka, akamtazama Machogu kuanzia viatu hadi nywele. "Ni fundi wangu wa nguo, Profesa. Hanisemei."

Neno lile alikuwa ameliitwa mara elfu na mdomo ule, na kila mara lilimpasha joto. Safari hii lilikuwa jina la kazi tu.

Phanice alikata simu, akaketi kwenye jiwe, akalia. Machogu hakuthubutu kusogea.

"Nimepata," Phanice alisema mwishowe, akiiambia ardhi. "Umri huu, na makaratasi yale, nimepata."

"Hongera."

"Usinipe hongera bado." Akafuta uso. "Unataka kuuliza kuhusu Nyabuto. Uliza."

"Niliwaona hotelini. Ulisema uko wodini."

"Alikuwa ananifundisha usaili. Ananiuliza, 'Kwa nini ulifeli mwaka wa kwanza? Kwa nini ukaanguka wa nne?' Ananiuliza hadi nilie, halafu anarudia, ili kule wakiniuliza nisilie. Hayo ndiyo mapenzi uliyoyaona."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Mara ya kwanza nilisema, kanisa hili lote likafunga na kuomba. Nilipokosa, kila aliyenipa mkono aliniuliza, 'Umepata?' Miezi sita. Safari hii nilitaka nikikosa, nikose peke yangu." Akaigeuza simu mkononi. "Nilikudanganya. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini simu nilikuachia wewe, Machogu. Si mama, si Joyline."

Alikuwa hajawahi kumwita Machogu.

"Kwa nini hukuufuta ule ujumbe?" akauliza.

"Nilitaka kuufuta. Nilikaa nao zaidi ya saa nzima, mlango umefungwa."

"Halafu?"

"Halafu nikaona ukibaki kwa sababu hiyo, nitakuwa nimebaki na mtu niliyemuibia. Nina wivu, Phanice. Nina wivu na Nyabuto, na huyo profesa, hata na watoto wa wodini. Nilikuonea wivu na wewe mwenyewe, kwa kuwa ulianguka ukainuka, na mimi nilianguka kidato cha pili nikakaa hapo hapo."

Phanice akainuka. "Nenda nyumbani ukabadilishe nguo, utapata homa," akasema. Akarudi turubaini kwa akina mama. Mama Bathsheba ndiye aliyemfuata Machogu njiani na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, akamwambia, "Kula, mwanangu. Umekosa, lakini umekuja."

Jumapili Machogu hakwenda misa. Alifungua duka, akashona vibaya, akafumua. Saa kumi kivuli kikaanguka mlangoni. Sweta la manjano, zile gambuti, begi la safari begani. Phanice akaweka koti jeupe juu ya cherehani.

"Idara inataka jina kamili kifuani. Hapa pana Phanice tu. Naondoka alfajiri."

"Nishone jina gani?" Machogu akauliza, akichukua chaki ili asimtazame.

"La baba yangu. Phanice Nyamweya." Akasita. "Halafu uache nafasi mbele yake."

"Nafasi kiasi gani?"

"Wewe ndiye fundi. Pima."

Machogu akainua macho.

"Sijakusamehe," Phanice alisema haraka. "Usinichekee. Miaka minne, Fundi. Kila Ijumaa jioni nitakupigia kabla sijazima simu, uniambie ulimwonea nani wivu wiki hiyo, mwenyewe, kwa mdomo wako. Siku nikigundua umenificha, najaza nafasi hiyo kwa ua la uzi."

"Na ukinificha wewe?"

"Utalifumua koti lote."

Machogu aliinama. Kwa chaki aliandika Phanice, akaandika Nyamweya, kisha polepole akaandika Machogu, apate kipimo. Likatosha. Akalifuta kwa kidole gumba, akatunga uzi wa buluu.

Alikuwa katikati ya jina la mzee simu ya Phanice ilipolia juu ya meza, kati yao. Kwenye kioo paliandikwa Nyabuto. Kile kidonda kikaamka, kikamchoma mahali pake pa siku zote, na Phanice hakunyoosha mkono; alikuwa anamtazama Machogu.

Machogu akaisukuma simu kwake kwa ncha ya kidole.

"Pokea," akasema. "Ni mwalimu wako, anataka kukuaga. Mimi nimeona wivu, nakuambia mapema, si lazima tungoje Ijumaa."

Phanice akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akapokea. Machogu akaendelea kukanyaga cherehani hadi herufi ya mwisho.